Kabla hujanunua mshipi mnene, soma namba iliyo kwenye rili

Kwenye ukingo wa spuli ya rili yangu ya kuvulia samaki, pale mshipi unapozungushiwa, pameandikwa 0.35/200. Nilivua nayo karibu mwaka mzima bila kuuliza maana yake. Dukani Kariakoo nilichagua nailoni ya milimita 0.60 kwa sababu moja tu: niliogopa kukatiwa na samaki mkubwa.

Asubuhi moja nilikuwa kwenye miamba ya Coco Beach, maji yanajaa, chambo kipande cha kibua. Nikatupa mbali. Samaki akala, akaelekea kwenye kina bila kusita. Nilikaza breki ya rili, hakujali. Nilipotupia jicho kwenye spuli nikaona rangi ya chuma inachungulia kati ya nyuzi. Muda si muda fundo la mwisho likaachia, mshipi wote ukapita kwenye pete za fimbo na kutokomea. Hadi leo naamini alikuwa kolekole. Kinachoniuma zaidi ni ule uzi mrefu wa nailoni niliouacha baharini, maana nailoni haiozi upesi.

Ile namba ilikuwa imeniambia kila kitu. Maana yake spuli inabeba mita 200 za mshipi wenye unene wa milimita 0.35. Ukibadilisha unene, urefu nao unabadilika, tena kwa kasi kuliko unavyodhani: ukiweka mshipi wenye unene mara mbili, hupati nusu ya urefu, unapata robo.

Hesabu yake ni hii. Chukua unene ulioandikwa, ugawanye kwa unene unaotaka kuweka. Jibu lizidishe kwa lenyewe, kisha uzidishe kwa mita zilizoandikwa. Kwa mshipi wa 0.50 kwenye rili yangu: 0.35 kugawanya kwa 0.50 ni 0.7, 0.7 mara 0.7 ni 0.49, mara 200 ni mita 98. Kwa ule wa 0.60 niliouweka mimi zinabaki mita 68 hivi. Nikishatupa mita arobaini, samaki anabakiwa na mita 28 tu za kukimbia. Kolekole mwenye nguvu anazimaliza hizo kabla hujasimama sawasawa.

Usiridhike na kuambiwa "huu ni wa kilo ishirini". Kilo au ratili ni nguvu, si unene, na uzi wa kusukwa ni mwembamba sana kuliko nailoni yenye nguvu ileile. Kama kibandiko hakionyeshi milimita, zungushia mshipi kwenye penseli mara 20, mizunguko ikigusana bila kupandana, kisha pima kwa rula. Ikichukua milimita 10, gawanya kwa 20: unene ni 0.5. Mimi huwa naifanya palepale kaunta, na muuzaji mwelewa hakasiriki.

Kujaza nako kuna kipimo chake. Simamisha mshipi ukiwa umebakiza milimita mbili hivi kufika ukingoni. Ukipitiliza, mizunguko inaporomoka yenyewe unapotupa na unabaki kufumua mafundo huku wenzako wanavua. Ukijaza kidogo mno, mshipi unasuguana na ukingo na chambo hakifiki mbali. Uushike kwa kitambaa kibichi unapozungusha ili ukae kwa kubana, hasa ule wa kusukwa, ambao ukilegea unazama katikati ya mizunguko mingine na kunasa samaki anapovuta. Tena usiufunge moja kwa moja kwenye spuli iliyo laini, utateleza wote pamoja. Tanguliza mizunguko michache ya nailoni.

Hofu ya miamba naielewa, matumbawe ya kwetu yanakata kama wembe. Ila miamba inakata zaidi mshipi ulio karibu na ndoana, si ule ulio ndani ya rili. Sasa nimeweka 0.35, mita 200 kamili, na mbele yake naunga mita mbili za ile 0.60 iliyobaki kwenye kibunda. Fundo la kuungia nalilowesha mate kabla ya kulikaza, kisha nalivuta kwa mikono yote miwili, polepole, hadi nione halitelezi.