Msiimbe Makaburi Msiyoyajua

Kwa miaka minne bendi yetu ya metali, ule muziki wa magitaa makali, iliimba mapepo, damu na makaburi, yote kwa Kiingereza. Tulifanyia mazoezi chumba kimoja mtaani Umoja, magodoro tumeyaegemeza ukutani ili majirani wapate kulala.

Kisha mjomba akafariki, na mwili ukakaa mochari wiki tatu kwa sababu ya bili. Mimi ndiye niliyeshika mchango. Kila jioni nilibandika orodha kwenye kikundi cha WhatsApp: huyu mia mbili, yule hamsini. Tulipomaliza mazishi nikarudi mazoezini, na wimbo wetu wa makaburi ukanishinda kuimba. Haukuwa na maiti hata mmoja ndani yake. Nikachukua ile orodha nikaanza kuandika.

Kama bendi yenu nayo imechoka na mapepo, msikimbilie mada kubwa kama ufisadi au vita. Tafuteni mtu mmoja. Metallica, bendi ya metali ya Marekani, walitoa albamu ya kwanza mwaka 1983, yote kasi na majigambo. Mwaka uliofuata wakatoa Fade to Black, wimbo wa mtu aliyechoka kuishi, unaoanza polepole kwa gitaa tulivu, na wako mashabiki waliolalamika kwamba wamelegea. Kufikia 1988, katika wimbo wao One, vita vyote wamevitia ndani ya mwanajeshi mmoja aliyelala kitandani bila mikono, miguu wala macho, na kuelekea mwisho wa wimbo ngoma zinalia kama bunduki ya rashasha. Kwa hiyo msipunguze sauti ya magitaa mkidhani huko ndiko kukomaa.

Kilichotutesa zaidi ni lugha. Mkazo wa Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: mo-CHA-ri. Sisi tulikuwa tukiyabandika maneno juu ya rifu, vile vipande vya gitaa vinavyojirudia, tulizozitunga kwa Kiingereza, mkazo unaangukia "ri", na msikilizaji haambulii kitu. Mpiga ngoma wetu ndiye aliyeligundua. Akalisogeza pigo la ngoma kubwa likatua juu ya "cha", na mara hiyo neno likasikika hadi nje mlangoni. Angalieni pia vokali za mwisho. "A" na "o" hubeba mngurumo vizuri, lakini "i" huibana koo. Mstari wangu uliishia kwa "bili". Nikaugeuza ukaishia kwa "haijalipwa", nikapata pumzi ya kuuvuta.

Na kabla hamjapanda jukwaani na msiba wa familia, ombeni ruhusa. Hili nalisisitiza kuliko yote. Nilimsomea anti, mjane wa mjomba, maneno matupu bila gitaa, jikoni kwake. Alinyamaza kwa muda, kisha akaniambia niondoe jina la marehemu na niondoe kiasi cha deni, lakini wale waliochanga hamsini niwaache wote ndani.

Ndivyo tunavyouimba.