Kwa Wewe Unayeanza Kazi katika Mgahawa wa Kikrioli wa Mtaani

Nimefanya kazi kwa miaka kadhaa, kwanza jikoni na baadaye mezani, katika mgahawa mdogo wa vyakula vya Kifaransa na Kikrioli, yaani upishi uliochanganya desturi za Wafaransa, Wahispania na Waafrika, katika mtaa mmoja wa mji wa New Orleans, Marekani, na ndugu wanaoajiriwa katika migahawa ya namna hiyo huniomba ushauri mara kwa mara. Ninachowaambia kila mara ni kwamba wakijue kilichomo chunguni kabla hawajajifunza kubeba sahani.

Gumbo, mchuzi mzito unaoliwa na wali, huanza na ruu, yaani unga wa ngano unaokaangwa ndani ya mafuta ya uzito uleule, kwa moto mdogo, huku mwiko ukizunguka bila kupumzika hadi rangi ifanane na chokoleti. Kazi hiyo huweza kuchukua dakika 45. Siku yangu ya pili niligeuza uso kumjibu mwenzangu, na nilipotazama tena vitone vyeusi vilikuwa vimetokea. Nikatia vitunguu haraka, nikidhani vitaficha uchungu. Mpishi mkuu, mama wa makamo aliyezaliwa mtaa uleule, alionja kwa ncha ya kijiko, akamwaga chote, akaiosha sufuria kwa mikono yake, kisha akanipimia unga mwingine bila kunigombeza. Ruu ikiungua, mwaga mapema, kwa sababu uchungu wake hautoki hata ukiongeza nini.

Jifunze pia chakula hicho kilikotoka. Wafaransa waliuanzisha mji wa New Orleans mwaka 1718, ukatawaliwa na Wahispania, kisha ukaingia mikononi mwa Marekani mwaka 1803. Lakini waliosimama mbele ya meko kwa sehemu kubwa ya muda huo walikuwa Waafrika waliotiwa utumwani na vizazi vyao. Mfaransa huanza mchuzi kwa kitunguu, karoti na selari, ilhali Mkrioli huiacha karoti na kutia pilipili hoho. Neno gumbo lenyewe wataalamu wengi hulihusisha na «kingombo», jina la bamia katika lugha za Kibantu za upande wa Angola, na mimi, Mbantu niliyekuwa mgeni mjini humo, nilipolifahamu hilo niliacha kujiona mgeni mbele ya chungu kile.

Mezani, usidanganywe na utulivu wa mahali. Mteja huja na kandambili akitoka kazini, lakini ni jirani, atarudi Alhamisi, na anakumbuka. Jumatatu wengi hutaka maharage mekundu na wali, desturi iliyotokana na siku ya kufua, ambapo chungu kiliachwa kichemke polepole huku nguo zikishughulikiwa.

Hapo ndipo penye jambo zito kuliko yote niliyoyataja. Maharage hayo kwa kawaida hupikwa na nyama ya nguruwe, na soseji ya nguruwe iitwayo andouille hutiwa katika vyakula vingi usivyovitarajia. Supu ya samaki huenda imechemshwa na maganda ya kamba, na ruu ina ngano. Mteja akikuuliza kama chakula kina nguruwe, kamba au ngano, usimjibu kwa kukisia hata kama wateja wanakusubiri kwenye meza sita. Nenda jikoni, uliza, rudi na jibu. Sisi tuliolelewa tukijali kilicho halali na kisicho halali tunaelewa uzito wa swali hilo, na mwenye mzio wa kamba anaweza kupoteza maisha.

Kuhusu malipo, sheria ya Marekani humruhusu mwajiri kumlipa mhudumu anayepokea bahashishi dola 2.13 kwa saa, mradi pesa hizo zikijumlishwa na bahashishi zifike angalau dola 7.25 kwa saa, zisipofika, mwajiri hupaswa kufidia pengo. Kwa hiyo nunua daftari dogo, na kila usiku kabla ya kuvua aproni uandike saa ulizofanya kazi na kiasi ulichopokea.