Komanda, Askari na sakafu yako ya karo

Mwanangu Furaha,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara nne. Mara moja kwa ajili yangu, mara tatu kwa ajili ya mama yako, ambaye kila ukifika mwisho anasema "rudisha." Umeuliza jambo moja: mbwa wako Komanda umkatishe mguu, ama umwombe daktari ampe ile sindano ya kulala asiamke? Halafu ukanyamaza kidogo, na nyuma yako nikasikia kucha zake juu ya karo: kwa-kwa-kwa, pengo, kwa-kwa-kwa, pengo. Miguu mitatu inagonga, wa nne unapita hewani. Kabla hujarudia lile neno saratani nilikuwa nimeshaweka randa chini.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu utanikatiza, na usiponikatiza wewe mtandao utanikatiza.

Nianze na karo zako, vile vigae vyeupe vya sebuleni. Najua hukuniuliza habari ya vigae. Tulipokuja Lubumbashi kwa ubatizo wa mjukuu nilikuambia sakafu ile ni ya kutazama, si ya kutembea. Mama yako aliivuka ameshika ukuta. Ukacheka, ukasema Papa ni mtu wa makoro, amezoea kukanyaga mawe ya volkano. Kweli, wala sioni haya. Nimemaliza miaka arobaini nikitengeneza vitu vya kusimama na vitu vya kukimbia, vigoda na chukudu, zile za mbao za magurudumu mawili za kubebea mizigo, na kama kuna jambo moja ninalolijua kuliko mapadri ni hili: kilema ni sakafu. Mweke mzima wa miguu miwili juu ya sabuni, utaona kilema. Kiti cha miguu minne kwenye uwanja wetu kinayumba mpaka ukitilie kijiwe; kigoda cha miguu mitatu hakijui kuyumba, kiweke popote. Kwa hiyo mtu akiniambia "mbwa wa miguu mitatu" mimi siulizi ni mguu gani umeondoka. Nauliza anakaa wapi.

Lakini Komanda si kigoda. Mama yako amenikumbusha hilo bila kuinua macho kwenye mchele. Kigoda miguu yake imegawana mzigo sawa. Komanda atabaki na mmoja mbele na miwili nyuma, na mbwa hubeba uzito mwingi kwa mbele, kama sehemu sita katika kumi. Tena ni wa mbele huo huo unaoumwa, pale juu kidogo ya kifundo. Basi mfano wangu una ufa. Bado naupenda.

Askari, mbwa wetu wa zamani, unamkumbuka. Ulikuwa na miaka tisa. Mdogo wako Bahati hata hajui kwamba mbwa huyo aliwahi kuwa na miguu minne. Ninachotaka ujue ni namna alivyoupoteza ule mmoja, maana nilichowaambia ninyi watoto hakikuwa chote.

Tarehe 17 Januari 2002, siku ya Alhamisi, volkano yetu Nyiragongo ilipopasuka, tulikuwa Majengo, hapa Goma. Moto ulishuka, ukafunika kipande cha uwanja wa ndege, ukapita katikati ya mji mpaka ziwani. Mama yako alikuwa na Bahati mgongoni na sufuria kichwani, tukaelekea Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, Rwanda, pamoja na watu wote. Ukaniuliza njiani, "Papa, na Askari?" Nikakujibu nimemfungua, atatufuata. Sikumfungua, Furaha. Nilimfunga. Nilikuwa na mbao za chukudu sita uani, mkaratusi uliokauka mwaka mzima, na wezi niliwaogopa kuliko mlima. Nilimfunga kwenye mparachichi kwa kamba ya nailoni, nikamwambia linda.

Kamba aliitafuna. Moto haukufika kwetu, ulipita mtaa wa pili, naye akatoka kututafuta. Unakumbuka yale mawe yalivyokuwa: meusi juu, yameganda kama ganda la mkate, na chini yake bado ni moto. Watu wenyewe waliokuwa wakivuka walikuwa wakiruka-ruka, viatu vinanuka. Tuliporudi siku ya nne tulimkuta amelala mlangoni, mguu wa mbele wa kushoto ameupandisha juu ya mwenzake kama mama anayepumzika kanisani. Mbao zilikuwepo zote. Hata moja haikuibwa.

Hilo la kamba nimelibeba miaka yote hii. Lakini si lenyewe linaloniandikisha barua.

Vidole vilikuwa vimekufa, na weusi ulikuwa unapanda siku kwa siku. Jirani yetu yule aliyekuwa akipiga nyama mihuri machinjioni, mtu aliyesomea wanyama, alikuja siku ile ile akasema, "Fundi, huu ukatwe." Nikasema tusubiri. Nikapaka asali. Nikapaka mafuta ya ng'ombe. Nikauosha kwa maji ya chumvi. Siku kumi na tisa. Nilikuwa nasubiri nini? Mama yako anajua, wewe hujui: nilikuwa naona haya. Mji umejaa watu waliofunikiwa nyumba, nami nimlipe mtu amkate mbwa mguu! Halafu fundi wa vigoda awe na mbwa wa miguu mitatu, wateja si watasema ndilo tangazo lake? Haya ilikuwa yangu, aliyekesha ni yeye. Wala hakulia. Alikuwa anahema tu, haraka haraka, ulimi nje, hata usiku wa baridi. Nikadhani ni joto.

Kwa hiyo ninapokuuliza Komanda anahema vipi usiku, usiniambie kwamba halalamiki. Sikiliza pumzi.

Askari alikatwa juu ya meza yangu ya kazi. Jirani alileta dawa ya usingizi na nyuzi, mimi nikashika kichwa. Aliniomba msumeno wangu mdogo, nikakataa. Nikakimbia kununua mwingine mpya. Usiniulize kwa nini, sijui mpaka leo, na ule msumeno mpya sikuwahi kuutumia tena. Siku ya tatu alisimama. Siku ya sita alianguka mara mbili akienda kukojoa, akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeanguka. Wiki ya nne alikuwa anafukuza chukudu kwenye mteremko, anaruka kama sungura, bega lile moja limejaa msuli kama la mpakuzi wa magunia. Kijana mmoja aliyekatwa mguu kwa risasi alikuja kuchukua magongo niliyomchongea, akamwona Askari anageuka kona kwa mbio. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye takataka za randa. "Fundi," akasema, "huyu amenishinda, na magongo hana."

Miaka sita, Furaha. Aliwahi kuanguka vibaya mara moja tu, kule Himbi kwa mjomba wako, siku ya posa ya binti yake, kwenye sakafu iliyopakwa nta mpaka inang'aa. Miguu ikamtoka pande tatu, akalala bapa kama ngozi ya mbuzi iliyoanikwa. Wageni wakacheka. Nikambeba, nikamtoa nje kwenye makoro, nikamweka chini. Akasimama, akajikung'uta, akaenda zake kuomba mifupa ya sambusa, ambayo haina mifupa. Tangu siku ile ndiyo nasema ninachosema kuhusu sakafu.

Usidhani nimekujibu. Tofauti naiona. Askari aliungua, mguu ulipoondoka, ubaya uliondoka nao. Komanda ana saratani ya mfupa, na umenisomea mwenyewe aliyoandika daktari: picha ya kifua iko safi, lakini kwa mbwa walio wengi mbegu zimeshafika mapafuni, ndogo mno hazionekani kwenye picha. Mguu ukikatwa peke yake, nusu yao hawavuki miezi minne au mitano. Ukikatwa, kisha apigwe zile dawa za mshipani, nusu wanakaribia mwaka, na kama mmoja katika watano anaiona miaka miwili. Tarakimu hizo nimeziandika ukutani kwa penseli, pale ninapoandika vipimo vya wateja. Kila nikipita nazisoma. Mama yako anasema miezi mitano kwa mbwa ni mingi. Mimi nasema mitano ni mitano. Kisha usiku nageuka upande wa pili, nawaza: huyo mbwa ana miaka minane, kalenda haijui, anayehesabu kufika Disemba ni Furaha.

Halafu nageuka tena. Daktari hakukuambia operesheni itamponya. Alikuambia itamwondolea maumivu, maana kinachomuuma ni huo mfupa. Hilo nimelielewa haraka kuliko tarakimu. Mfupa wa namna hiyo ni ubao ulioliwa na mchwa: rangi iko nje, ndani ni unga. Siku moja atashuka kwenye gari la mume wako, utakatika, na hapo utaamua saa nne za usiku, unalia, daktari hapatikani. Chochote utakachochagua, kati ya hayo mawili uliyoniuliza, kichague kabla ya siku hiyo. La tatu, la kupaka asali, mimi nililijaribu.

Na ile diclofenac mume wako anayomeza kwa ajili ya mgongo, usimpe hata robo. Tumbo la mbwa na figo zake haziivumilii. Daktari ataandika ya mbwa.

Kuhusu wakwe zako na pesa, nitasema kidogo. Watakuambia hela hiyo ingelipa karo ya shule ya mtoto wa mtu, na hawatakuwa wamekosea. Nami nimeishi katika mji ambao mtu anaweza kuniuliza swali hilo kila siku, akanyoosha kidole kwa mtoto mwenye jina. Jibu sina. Najua tu kwamba wanaouliza hivyo hawaulizi ulipobadilisha hizo karo za sebuleni.

Sasa unataka nikuambie kata ama usikate. Hapa nilikuwa nimeandika mstari mmoja, nimeufuta. Ukiinua karatasi kwenye mwanga utaona alama, lakini usiinue. Mama yako kanikataza, anasema uamuzi ni wa yule anayelala naye nyumba moja. Ana haki. Daktari akiona kifua kimechafuka, ama akikuambia miguu ile ya nyuma ni mibovu tayari na haitaubeba mwili mzito kama ule, basi sindano si dhambi. Uwepo, umshike kichwa, asiguswe na mgeni. Na kama kifua ni safi na nyonga ni nzima, mimi ningekuwa... basi, tuache.

Ila ya sakafu hayana siri, hata mama yako hawezi kunizuia. Kuanzia anapolala mpaka kwenye sahani yake, na kutoka kwenye sahani mpaka mlangoni, tandika. Si yale mazulia mepesi yanayoteleza pamoja na mbwa. Tafuta ya chini mpira. Bugali mpunguzie kuanzia leo, bado ana miguu minne: kila kilo anayobeba itakuwa juu ya ule mmoja wa mbele. Siku za kwanza baada ya operesheni msaidie kwa kitenge kilichopita chini ya kifua, ukishike juu kama mpini wa kikapu, usimvute kwa mkanda wa shingo. Atakuwa na ile kofia ya plastiki asilambe nyuzi, zitoke baada ya siku kumi, kumi na nne. Atavimba, atakuwa na rangi ya zambarau pale ubavuni, utajuta. Wiki mbili hizo usinipigie kuniuliza kama ulikosea. Nipigie ya tatu.

Kitenge mama yako ameshakitoa kwenye sanduku, kile cha kijani, na ameshakikunja mara nne apime unene. Mimi sikusema kitu.

Linalobaki ni ngazi za baraza yako. Kwa mbwa aliyekosa mguu wa mbele kupanda si shida, shida ni kushuka, mwili wote unamwagikia pale pasipo na mguu. Hapo panatakiwa ubao wa mteremko, mrefu, usiwe mkali, na juu yake vipande vya mpira wa tairi vilivyopigiliwa kwa misumari mifupi, kama tunavyovisha magurudumu ya chukudu. Kutoka Goma siwezi kuutuma, lakini nitauchora vizuri, umpe seremala wa huko, na kama hajui chukudu ni nini mwambie anipigie.

Nipimie kimo cha ngazi zote mbili, moja moja, na upana wa mlango. Pima kwa metre, si kwa kamba. Mara ya mwisho ulinipimia kitanda kwa kamba, kamba ikavutika, na ninyi wenyewe mnajua mlivyokiingiza chumbani. Nitumie pia picha ya Komanda amesimama, kwa upande, nione kifua chake kiko juu kiasi gani. Akiwa nje, kwenye udongo.

Ni mimi,
Papa yako