Nataka kuwa mtaalamu wa afya ya mifugo: nianzie wapi?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni binti wa miaka 19, naishi Meatu mkoani Simiyu. Nimemaliza kidato cha nne na nimefaulu Baiolojia, Kemia, Jiografia na Kiswahili. Ndoto yangu ni kutibu mifugo. Kuna mtu ananishauri nisipoteze miaka chuoni, nifanye mafunzo ya wiki chache kisha nifungue duka la dawa za mifugo. Wengine wanasema kazi hii ni ya wanaume kwa sababu ng'ombe ana nguvu. Nisome nini, nitafundishwa nini hasa, na nikimaliza nitaruhusiwa kufanya nini?

JIBU: Marahaba, binti yangu. Ushauri wa wiki chache uweke kando. Kozi fupi ni nzuri kwa mfugaji anayetaka kutunza vizuri mifugo yake, lakini haikupi sifa ya kutibu mifugo ya watu. Hapa Tanzania kazi hii inasimamiwa na Sheria ya Veterinari Na. 16 ya mwaka 2003, iliyounda Baraza la Veterinari. Baraza linasajili madaktari wa mifugo, na linaorodhesha wataalamu wasaidizi na wasaidizi wao, yaani wenye stashahada na wenye astashahada. Ukitoa huduma bila kuwamo humo unavunja sheria, hata kama wanakijiji wote wanakuita daktari.

Njia yako ni hii: Astashahada ya Afya na Uzalishaji wa Mifugo, kisha Stashahada. Kwa mfumo wa NACTVET, baraza la taifa linalosimamia vyuo vya ufundi, unaanza ngazi ya 4, unakwenda ya 5, halafu ya 6 ndiyo stashahada. Kila ngazi ni mwaka mmoja, kwa hiyo jumla ni miaka mitatu, na unaweza kusimama baada ya ngazi ya 5 ukafanya kazi kwanza. Kwa kawaida vyuo vinataka ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, na Baiolojia na Kemia ndizo zinazotazamwa kwanza. Kwa masomo uliyonitajia, una msingi wa kuomba. Vyuo vya serikali viko chini ya wakala unaoitwa LITA, wenye kampasi Tengeru, Mpwapwa, Morogoro, Buhuri, Madaba, Temeke, Kikulula na Mabuki. Mabuki iko mkoani Mwanza, ndiyo ya karibu nawe. Vipo pia vyuo binafsi. Kabla ya kulipa ada yoyote hakikisha chuo kina usajili wa NACTVET na kozi yenyewe imeidhinishwa. Baadaye ukitaka udaktari kamili, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo pale Morogoro kinatoa shahada ya miaka mitano.

Sasa tuje kwenye utakachofundishwa, maana hapa ndipo wanafunzi wengi hawajui watilie mkazo wapi. Utasoma anatomia, lishe, uzazi, malisho, vimelea, magonjwa, ukaguzi wa nyama na ugani. Yote yana kazi yake. Lakini nikipokea kijana wa mafunzo kwa vitendo, jambo la kwanza ninalompima ni hesabu ya dozi, kwa sababu hapo ndipo mnyama anapona au anakufa.

Chukua ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe na unaoua ndama wengi katika maeneo mengi ya ufugaji nchini. Dawa yake kubwa ni buparvakwoni. Dozi ni miligramu 2.5 kwa kila kilo ya uzito, na chupa nyingi zina miligramu 50 katika kila mililita. Ng'ombe wa kilo 300 anahitaji miligramu 750, yaani mililita 15. Aliyekadiria kwa macho akasema "huyu ana kilo 200" atachoma mililita 10. Mnyama atapata nafuu ya siku mbili kisha ataanguka, na mfugaji atasema dawa ni feki. Ndiyo maana utafundishwa kuzungusha utepe maalumu wa kukadiria uzito kifuani, nyuma tu ya miguu ya mbele, na kusoma uzito. Ununue utepe wako mwenyewe na uende nao kila boma.

Usome pia lebo kila mara, hata kwenye chupa uliyoizoea. Oksitetrasaiklini, dawa ya kuua bakteria, ya asilimia 10 na ya asilimia 20 hukaa rafu moja dukani. Mililita moja ya ile ya kwanza ina miligramu 100, ya pili ina 200. Lebo hiyohiyo inakuambia siku ambazo maziwa na nyama ya mnyama aliyetibiwa havipaswi kuliwa wala kuuzwa. Siku hizo zisipoheshimiwa mabaki ya dawa yanaishia kwenye kikombe cha mtoto, na dozi pungufu zinalea usugu wa vimelea dhidi ya dawa, tatizo ambalo sasa linatusumbua hospitali za watu na mabanda ya mifugo kwa pamoja.

La pili ninalolipima ni kama kijana anajua wakati wa kutogusa kisu. Chuoni utafundishwa kupasua mzoga na kusoma viungo, na utapenda, kwa sababu mzoga unaeleza mengi. Lakini ukikuta ng'ombe amekufa ghafla, damu nyeusi isiyoganda inatoka puani na njia ya haja, na mwili haujakakamaa vizuri, usipasue. Hicho kinaweza kuwa kimeta. Ukifungua mzoga, vimelea vikakutana na hewa, vinajenga mbegu zinazoweza kuishi ardhini kwa miongo mingi na kuua mifugo na watu. Unavaa glovu, unachukua tone la damu kutoka mshipa wa sikio, unalipaka kwenye kioo, na unatoa taarifa kwa daktari wa mifugo wa wilaya. Nyama isiliwe, ngozi isichunwe. Mzoga uchomwe, au ufukiwe mzima kwenye shimo refu. Nakueleza kwa urefu kwa sababu vijijini shinikizo la kugawana nyama ni kubwa mno, na mtu pekee atakayesimama kusema hapana ni wewe.

Maabara usiidharau. Jifunze kupaka damu nyembamba kwenye kioo, na kuchukua majimaji kutoka kwenye tezi iliyovimba chini ya sikio. Damu ya kutafutia vimelea huwekwa kwenye chupa yenye kizibo cha zambarau ili isigande. Ya kupata majimaji ya kupima kingamwili huwekwa kwenye kizibo chekundu. Sampuli isiyo na jina la mnyama, tarehe na mahali haina maana ikifika TVLA, yaani maabara ya veterinari ya taifa.

Kuhusu nguvu: hakuna mwanamume anayemshinda ng'ombe kwa misuli. Anayemlaza ni kamba. Utafunga kitanzi kisichokaza shingoni, utapitisha kamba kuzunguka kifua nyuma ya miguu ya mbele, kisha kuzunguka tumbo mbele ya kiuno, halafu mnavuta watu wawili taratibu kuelekea nyuma. Ng'ombe anakunja magoti na kulala mwenyewe. Penye kibanio kizuri, yaani uzio mwembamba wa kumbana mnyama, hata hayo hayahitajiki. Nimefanya kazi na wanawake ambao wafugaji huwaita wao kwanza kwa sababu hawapigi mnyama wala hawamtishi.

Mipaka yako baada ya stashahada: utafanya kazi chini ya usimamizi wa daktari wa mifugo aliyesajiliwa. Utachanja, utatibu magonjwa ya kawaida, utahasi, utakata pembe, utachukua sampuli na kutoa taarifa za milipuko. Upasuaji mkubwa ni wa daktari. Usione hilo kama kudharauliwa, linakulinda wewe pia siku mambo yanapokwenda vibaya. Uhimilishaji, yaani kumpandikiza jike mbegu za dume kwa mrija, unataka kozi yake. Kituo cha taifa kiko Usa River, Arusha.

Duka unaweza kuja kulifungua, ila baada ya masomo. Linahitaji kibali cha mamlaka husika na msimamizi mwenye sifa. Ukiwa umesoma, msimamizi huyo unaweza kuwa wewe, na mfugaji akija kuomba "ile ya njano" utamuuliza kwanza mnyama wake ana nini.

Wakati unasubiri dirisha la maombi lifunguliwe, nenda kwa afisa mifugo wa kata yako umwombe uambatane naye siku ya kuogesha au kuchanja. Vaa buti za mpira na usiguse kondo la mnyama aliyetupa mimba kwa mikono mitupu, maana brusela, ugonjwa unaotupisha mimba mifugo, humwingia binadamu kwa njia hiyo. Beba daftari. Andika joto la kila mnyama atakayepimwa na alivyoonekana: ng'ombe mzima huwa kati ya nyuzi 38 na 39 na kitu, mbuzi hukaa juu kidogo. Daftari hilo uende nalo chuoni.