Nukta zangu zilipotua Hispania: kwa anayeanza utafiti wa ramani za kompyuta

Usiku wa kwanza nilipoingiza data zangu kwenye QGIS, programu ya bure ya kuchora ramani, nyumba zote nilizozipima bonde la Mto Msimbazi zilitua Hispania, jirani na mpaka wa Ureno. Nilikuwa nimeshinda juani wiki tatu, viatu vimeoza kwa matope, halafu kompyuta inaniambia utafiti wangu nimeufanyia Ulaya. Sababu yenyewe ni ya kuchekesha. Dar es Salaam iko kwenye latitudo -6.8 na longitudo 39.28, nami nilipokuwa naonyesha safu ipi ni X (longitudo) na ipi ni Y (latitudo), nilizigeuza. Basi. Mwenzangu mmoja yeye alisahau alama ya kutoa, visima vyake vikahamia kusini mwa Ethiopia. Mwingine aliacha vyumba vitupu kwenye jedwali, vikasomwa kuwa sifuri, na shule zake kadhaa zikazama Ghuba ya Guinea, pale latitudo 0 inapokutana na longitudo 0.

Makosa ya namna hii usiyaogope, yanajitangaza yenyewe. Ya kuogopa ni yale yanayokaa kimya. Nukta inatua Dar es Salaam, mtaa unafanana na ule unaoujua, ramani inapendeza, na kila kitu kimekosewa.

Langu mimi lilikuwa mita 300. Nilipewa na ofisi moja, sitaitaja, faili la mikondo ya maji lililochorwa kutoka ramani za zamani za karatasi. Ramani nyingi za zamani za Tanzania, Kenya na Uganda zilitengenezwa kwa mfumo wa kutaja mahali unaoitwa Arc 1960, wakati GPS ya simu yako inasoma WGS 84. Ukichukua namba za UTM (mahali palipoandikwa kwa mita ndani ya kanda, si kwa digrii) za Arc 1960 ukaziambia programu kuwa ni WGS 84, kila kitu kinasogea kama mita 300 kuelekea kaskazini. Kwenye ramani ya nchi nzima huwezi kuona. Kwenye bonde la Msimbazi, mita 300 zinautoa mto mahali pake na kuupitisha juu ya nyumba za watu ambao hawajawahi kulowa. Faili halikuwa na maelezo yoyote, nami sikuuliza. Nilifanya uchambuzi wa mwezi mzima juu ya mto uliokuwa umehama.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza: kila faili linaloingia mikononi mwako, lifanyie mtihani kabla hujalitumia. Chagua kitu usichoweza kukikosea. Mimi natumia Sanamu ya Askari pale Samora na daraja moja ninalolipita kila siku. Kama faili linaviweka vitu hivyo mahali pake, tunaendelea. Kama haliviweki, angalia namba ya mfumo wake (EPSG). Kwa Dar es Salaam, 32737 ni WGS 84 UTM kanda 37 kusini, na 21037 ni Arc 1960 ya kanda hiyohiyo. Na kama utafiti wako unavuka nchi, kumbuka Tanzania imegawanyika kanda tatu: Kigoma mjini iko 35, Dodoma iko 36, Dar iko 37. Mtu anayeunganisha data za Dodoma na Dar bila kulijua hilo atajitafutia majonzi.

Tukiwa hapohapo, neno moja kuhusu desimali. Digrii moja ya latitudo ni kama kilomita 111, kwa hiyo desimali ya tano ni kama mita moja. Simu yako hewani wazi inakosea mita kadhaa, na katikati ya nyumba zilizobanana za mabati inakosea zaidi. Ukimwandikia msimamizi wako desimali kumi, unamwambia unajua mahali pa mlango hadi unene wa unywele. Zikate.

Sasa nije kwenye jambo lililonifundisha zaidi ya yote, nalo halikutoka kwenye kompyuta.

Swali langu la utafiti lilikuwa jepesi kusema: mafuriko ya Desemba 2011 yalifika wapi, na kwa kina gani? Kama mwanafunzi yeyote, nilikimbilia satelaiti. Nilishusha data za mwinuko za SRTM, zile zilizopimwa kwa rada na chombo cha anga Endeavour Februari 2000. Ni bure na zinafunika karibu dunia yote ya watu. Lakini pikseli moja, yaani kijiraba kimoja cha data hizo, ni kama mita 30 kwa 30. Ndani ya pikseli moja ya Mkwajuni, bondeni, kuna nyumba tano, uchochoro, mtaro na mgomba. Na rada ile haikuona ardhi peke yake. Penye mapaa iliona mapaa. Makosa yake ya kimo ni ya mita kadhaa, wakati bondeni tofauti kati ya aliyelala kwake na aliyelala juu ya bati ni nusu mita. Nilitengeneza ramani ya mafuriko ya kupendeza sana, rangi ya bluu inayofifia kuelekea kingo. Haikuwa na maana yoyote.

Msimamizi wangu aliitazama, akauliza swali moja: "Umemwonyesha nani anayekaa huko?"

Nikarudi bondeni, safari hii kwa wakazi wenyewe. Na kwenda kwenyewe kuna njia yake. Barua inaanzia chuoni, inapita mkoani na wilayani, inashuka manispaa, inafika kwa mtendaji wa kata, halafu mwenyekiti wa mtaa, na mwisho kwa mjumbe wa shina. Wengi huona ni urasimu wa kuwapotezea muda. Mimi nimeamini hatua ya mwisho ndiyo utafiti wenyewe. Mjumbe anajua nani amehama, nyumba ipi ina wapangaji kumi, na uchochoro upi una jina ambalo halipo kwenye ramani yoyote. Bila yeye, ukipita na kishikwambi unapiga picha kuta, wewe ni mtu wa bomoabomoa tu. Bondeni nyumba zilishawahi kupigwa alama ya X kwa rangi nyekundu, na mwishoni mwa 2015 kweli zikavunjwa. Mtu aliyeona X ukutani kwake hawezi kukujibu kwa uwazi ukiwa umesimama unamchukulia koordineti.

Bibi mmoja nilipomwamkia shikamoo, aliitikia marahaba, kisha akauliza papo hapo, "Mmekuja kutuandika tena?" Tulikaa naye saa nzima kabla sijatoa kifaa chochote mfukoni. Ndipo nikauliza maji yalifika wapi. Akaweka kiganja kifuani. Nikaandika: mita 1.2. Mjumbe, aliyekuwa kimya muda wote, akamuuliza, "Bibi, si ulikuwa umepanda kitandani?" Akacheka. "Eh! Kitandani. Na kitanda tulikiinua kwa tofali."

Kuanzia siku hiyo nilikataa kupokea goti, kiuno na kifua kama kipimo. Watu husimulia kwa miili yao, na hiyo ni sahihi kabisa, ila kazi yako ni kuuliza mwili huo ulikuwa umesimama juu ya nini. Niliomba kuonyeshwa alama: mstari wa matope ukutani, kitasa cha mlango, nondo ya dirisha. Nikapima kwa futi kamba. Hata hapo nilikosea kwanza, kwa sababu nilipima kutoka sakafuni, na sakafu za bondeni hazikai palepale. Kila baada ya mvua kubwa mwenye nyumba anamwaga kifusi, anainua sakafu, anaongeza kizingiti. Alama ya 2011 iliyokuwa usawa wa dirisha leo iko usawa wa goti, na maji hayajabadilika, iliyopanda ni nyumba. Dawa niliyoipata ni kupima kutoka kitu kisichopandishwa: ukingo wa daraja au lami ya barabara kubwa. Nyumba ambayo sikuweza kuiunganisha na kitu kama hicho niliiandika "kina hakijulikani". Zilikuwa nyingi, na ziliniuma, lakini nimeziacha.

Tarehe nazo zina hila zake. Ukimuuliza mtu mwaka, atakupa mwaka ili usiondoke mikono mitupu. Uliza kwa tukio. Mafuriko yale yalikuja siku chache baada ya sherehe za miaka 50 ya uhuru, kwa hiyo "yale ya uhuru hamsini" kila mtu aliyajua. Mengine tuliyapanga kwa kuuliza: kabla ya mwendokasi au baada? Mabasi yalianza 2016, na kituo chao cha Jangwani chenyewe kimejaa maji mara kadhaa, kwa hiyo hakuna asiyekumbuka.

Kuna shimo kwenye data hizo ambalo nililiona nikiwa nimeshachelewa. Nilihoji waliobaki. Familia nyingi zilizoathirika vibaya mwaka 2011 zilipewa viwanja Mabwepande, mbali kaskazini, zikaondoka. Kwa hiyo ramani yangu ya kumbukumbu ilionyesha maji yakipungua kina mahali pabaya kuliko pote, si kwa sababu hayakuwapo, ila waliokuwa wameyaona hawapo. Panaonekana salama kwenye karatasi, kumbe ni patupu. Nilipanda daladala hadi Mabwepande na kutafuta watu wachache waliotoka kwenye vipande vile vitupu. Majibu yao yalibadilisha sura ya ramani nzima. Kama unachora chochote kinachohusu janga, ugonjwa au umaskini, jiulize nani kaondolewa na jambo lenyewe unalolipima, kisha umfuate alikokwenda.

Si lazima uanze kila kitu mwenyewe lakini. Tandale ilichorwa na wakazi wake tangu 2011, na mradi wa Ramani Huria ulioanza 2015 uliwaingiza mitaani wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wakazi, wakachora majengo, mitaro na njia za maji kwenye OpenStreetMap, ramani huru ya dunia inayochorwa na watu wenyewe mtandaoni. Data hizo ni wazi, unazishusha leo bila kumwomba mtu. Ziheshimu kwa kuzikagua, angalia ziliingizwa lini, na ukikuta mtaro umezibwa, usahihishe hukohuko ili anayekuja nyuma asirudie.

Kuhusu takwimu za sensa sitasema mengi, ila hili: mipaka inahama. Sensa ya 2012 iliikuta Dar es Salaam na wilaya tatu, Kinondoni, Ilala na Temeke, ikiwa na watu 4,364,541. Ile ya 2022 ilikuta watu 5,383,728, na kati ya sensa hizo mbili Ubungo ilikuwa imekatwa kutoka Kinondoni na Kigamboni kutoka Temeke. Ukilinganisha Kinondoni ya 2012 na Kinondoni ya 2022 bila kurudisha vipande pamoja, utatangaza kuwa watu wametoroka. Nimeona bango la mkutano lenye kosa hilohilo, limechapwa kwa rangi, na watu wakilipongeza.

Na rangi zenyewe! Chukua data zilezile, uiambie programu izigawe kwenye makundi ya rangi kwa vipimo sawa, kisha kwa idadi sawa ya mitaa, kisha kwa mikato ya asili, yaani pale namba zenyewe zinapoachana. Utapata ramani tatu zinazosimulia hadithi tatu. Kwenye ya kwanza mtaa mmoja tu umewaka mwekundu, kwenye ya pili robo ya kata inaungua. Hakuna iliyo ya uongo, lakini ukichagua ile inayokubaliana na dhana yako bila kusema umechaguaje, umeshadanganya. Mimi huweka sentensi moja chini ya kila ramani ikieleza mgawo. Vilevile usipake rangi kwa idadi ya watu au nyumba tupu. Mtaa mkubwa utawaka kwa ukubwa wake. Gawanya kwanza kwa eneo au kwa jumla ya nyumba.

Dogo la kiufundi, maana limemliza kila ninayemfahamu: shepufaili, aina ya zamani ya faili la ramani, hukata majina ya safu kwenye herufi kumi. Nilikuwa na "jina_la_mtaa" na "jina_la_mtendaji". Zote zikawa "jina_la_mt", programu ikaibandika mojawapo namba, na kwa siku mbili watendaji wangu walikuwa mitaa. Tumia GeoPackage, aina mpya zaidi ya faili la ramani. Na ukimtumia mtu shepufaili, mtumie mafaili yake yote, si lile la .shp peke yake.

Kuna kitu sikukichapisha. Nilikuwa na nukta za kila nyumba, kina cha maji, idadi ya watoto, na kama mwenye nyumba ana hati. Kwa pamoja, hiyo ni orodha ya nani wa kubomolewa kwanza. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, Kenya ina yake ya 2019, lakini hata zisingekuwepo, yule bibi aliniambia kwa nini aliniogopa. Nilichapisha kwa miraba ya mita 100, bila hati, bila watoto. Mtahini mmoja alisema nimepunguza usahihi, nikamjibu ndiyo, nimepunguza.

Nilipomaliza niliichapa ramani kwenye karatasi kubwa ya A0, nikaipeleka ofisi ya serikali ya mtaa. Wazee waliizunguka. Mmoja aliigeuza juu chini, kwa sababu kwake mtaa unaanzia daraja na sio kaskazini, na akaisoma vizuri zaidi yangu. Mjumbe wangu alichomoa kalamu mfuko wa shati, akafuta jina la uchochoro mmoja nililolinakili kutoka faili la ile ofisi, akaandika jina wanalolitumia wao, kisha akachora mtaro ambao satelaiti haiwezi kuuona kwa sababu umefunikwa na mbao. Karatasi hiyo yenye wino wake ndiyo niliyoiskani na kuiweka kwenye tasnifu, kiambatisho cha 4.