Peter Pears alidumuje jukwaani?

SWALI: Nasikiliza rekodi za Peter Pears wa Uingereza. Sauti yake si kubwa, lakini aliimba opera mpaka uzeeni. Aliwezaje? Mimi naimba sauti ya tatu kwaya ya parokia, na nikipanda juu koo linabana.

JIBU: Pears (1910–1986) alianza na kikundi cha waimbaji wa BBC. Jukwaa la opera alilipanda mwaka 1942, na mwaka uliofuata akajiunga na kampuni ya opera ya Sadler's Wells, London. Kilichomdumisha ni kuimba nafasi (wahusika wa opera) zinazolingana na koo lake, na nyingi alitungiwa na mtunzi Benjamin Britten, mwenzi wake wa maisha.

Sikiliza opera ya Britten, Peter Grimes (1945), pale mvuvi Grimes anapoingia baa wakati wa dhoruba na kuimba kuhusu nyota. Maneno yanarudia noti moja, E iliyo juu ya C ya kati (C ya katikati ya kinanda), bila kupaza sauti. Zinazotembea ni nyuzi za okestra. Kati ya E na F kali (nusu toni juu ya F) ndipo sauti za tenori (sauti ya tatu) wengi hugeuka kutoka kifuani kwenda kichwani. Kwa wengi hapo ni pagumu, lakini kwa Pears ndipo sauti ilipong'aa.

Nawe koo linabana hapohapo, kwa kuwa unailazimisha sauti ya kifua ipande huku unaongeza pumzi. Anzia noti ya chini isiyokutaabisha, imba "u" noti tano kupanda na kushuka, kisha sogea juu nusu toni. Ukifika E, punguza nguvu. "A" nayo ielekee "o". Kidevu kikiinuka, rudi chini toni nzima. Dakika kumi kwa siku zinatosha, na sauti ikikwaruza acha. Mkwaruzo ukizidi wiki tatu, muone daktari wa koo.

SWALI: Aliacha lini?

JIBU: Kiharusi kilimnyamazisha mwaka 1980. Mwaka 1974, akiwa na miaka 64, aliimba kwa mara ya kwanza Metropolitan Opera, New York, kama Aschenbach katika opera ya Britten, Death in Venice. Nafasi hiyo ni ndefu mno, ila Britten alimrahisishia: sehemu kubwa ya mazungumzo ya Aschenbach na nafsi yake ameipa noti bila mapigo, piano pekee ikimsindikiza, hivyo Pears alikwenda kwa mwendo wake na hakuhitaji kushindana na okestra.