Mtoto asiyetulia darasani: anza na dawati, kisha sahani

Mtoto anayejibu swali kabla halijaisha, anayepoteza penseli tatu kwa wiki, anayeruka hesabu ya pili akaenda ya tano, huitwa mtukutu au mvivu. Ukimchapa atatulia dakika chache kwa woga, kisha hali inarudi palepale. Hakatai kutulia. Anashindwa, na huenda ana ADHD, yaani hali ya ubongo inayomfanya mtoto ashindwe kutulia na kuzingatia.

Kabla ya kubadilisha chochote, apimwe masikio, macho na wingi wa damu, maana mtoto asiyesikia vizuri au mwenye upungufu wa damu hufanana sana na huyu. Hesabu pia usingizi. Mwenye miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12, kwa hiyo anayeamshwa saa kumi na nusu alfajiri kuwahi basi la shule anatakiwa awe amelala saa moja na nusu usiku. Wangapi wanalala muda huo?

Shuleni, usimwombe mwalimu wa watoto 80 "amwangalie kwa karibu". Hataweza. Omba vitu visivyomchukulia muda. Mtoto akae mstari wa mbele, mbali na mlango na dirisha, karibu na mwenzake mtulivu. Asitengwe peke yake ukutani, hiyo ni adhabu. Apewe kazi ya kufuta ubao au kukusanya madaftari, ili anyanyuke kwa ruhusa badala ya kunyanyuka kwa kosa.

Kisha kadi ya kila siku: nusu karatasi, malengo mawili tu, kwa mfano "nimemaliza kazi niliyopewa" na "nimenyoosha mkono kabla ya kujibu". Mwalimu anatia vema wakati wa mapumziko, mchana na kabla ya kuondoka. Vema nne kati ya sita zinatosha, na zawadi itolewe jioni ileile: nusu saa zaidi ya kucheza mpira, au yeye achague mboga ya usiku. Kadi nyingi hufa kwa sababu mbili. Wazazi huweka malengo manane, au huahidi baiskeli mwisho wa muhula. Kwa mtoto huyu mwisho wa muhula haupo kabisa, ni mbali mno. Na kadi ikigeuzwa orodha ya makosa, ataipoteza njiani kwa makusudi.

Nyumbani, ukurasa wenye hesabu 20 ni mlima kwake. Chukua karatasi ngumu, kata dirisha la kuonyesha hesabu moja, uitelezeshe chini moja baada ya nyingine. Dakika 10 za kazi, 3 za kurukaruka nje, tena 10. Maagizo nayo mpe moja moja: mwite jina, subiri akutazame, sema, kisha mwambie arudie.

Kwenye chakula tusidanganyane: mlo haumalizi tatizo. Kilichopimwa vizuri ni hiki. Sukari yenyewe haijaonekana kuwafanya watoto wawe watukutu. Rangi bandia ndizo za kuangalia. Utafiti wa Southampton, Uingereza, wa mwaka 2007 uliona utukutu ukiongezeka kwa baadhi ya watoto waliopewa vinywaji vya rangi hizo pamoja na sodiamu benzoeti (kemikali ya kuhifadhi vinywaji visiharibike), na tangu 2010 Umoja wa Ulaya unalazimisha onyo kwenye lebo. Soma pakiti za juisi ya unga na pipi, utafute namba za rangi hizo: E102, E104, E110, E122, E124, E129.

Kosa kubwa zaidi ni chai ya rangi na andazi asubuhi. Kufika saa nne njaa imemkamata, na chai imezuia madini ya chuma yasifyonzwe. Mpikie uji wa ulezi, vijiko vinne vya unga. Karanga za kusaga kijiko kimoja zitie mwishoni zisiungue chini, kisha nusu kikombe cha maziwa. Ongeza yai la kuchemsha. Jioni dagaa na mchicha, ukamulie ndimu ili chuma kifyonzwe vizuri. Usinunue makopo ya virutubisho vya bei mbaya kwa kuambiwa tu.

Badilisha kitu kimoja kwa wiki mbili, uandike kwenye daftari kila jioni: alilala saa ngapi, alikula nini, alimaliza kazi ngapi. Ukibadilisha vitano kwa pamoja hutajua kipi kimesaidia. Siku ya kliniki beba daftari hilo na kadi za mwalimu. Ili kuthibitisha ADHD, daktari anatafuta dalili zilizoanza kabla ya miaka 12, zilizodumu miezi 6 au zaidi, na zinazoonekana nyumbani na shuleni pia.